UZI: Nilivyotengeneza programu ya kuonyesha skrini yangu kwenye kompyuta 14 za darasa hapa Tanga, bila bando

#1 Mwl_Chumbageni

Habari za jioni wakuu, na shikamooni wakubwa zangu.

Nina darasa dogo la kompyuta hapa Chumbageni, la jioni. Wanafunzi ni vijana waliomaliza kidato cha nne, na kina mama wawili wenye maduka Ngamiani wanaotaka kuweka hesabu zao kwenye Excel. Kompyuta ni 14, zote za mtumba, RAM giga 4, kioo cha pikseli 1366 kwa 768. Nilikuwa na projekta. Taa yake ilikufa mwezi wa tatu, na bei ya taa mpya inanunua kompyuta mbili zaidi. Tangu hapo nikawa nafundisha kwa kuzunguka meza hadi meza, na nikifika ya 14, wa meza ya kwanza ameshasahau. Walioumia zaidi ni safu ya nyuma, na huko ndiko wanakokaa wale wageni kabisa wa kompyuta, wanaoona haya kuuliza.

Nikaamua: ninachokiona mimi kwenye skrini yangu, nao wakione kwenye zao. Sasa ni wiki ya tatu inafanya kazi. Naandika yote, pamoja na pale iliponikwamisha, kwa sababu nilipokuwa natafuta maelezo kwa Kiswahili niliambulia kidogo mno.

Kazi yenyewe ni programu mbili. Moja iko kwangu: inapiga picha ya skrini, inaibana, inaituma. Ya pili iko kwa mwanafunzi: inapokea, inafungua, inachora. Nimetumia Python, maktaba ya mss kupiga picha, Pillow kubana kuwa JPEG, soketi za kawaida za TCP (milango ya kupitishia data kati ya kompyuta mbili), na tkinter kuchora. Siku ya kwanza nilikuwa na kitu kinachotembea kwa mistari kama sitini. Nilikijaribu kwenye laptopu yangu yenyewe, anwani 127.0.0.1, picha ikatokea safi. Nikalala nikijua nimemaliza.

Kesho yake darasani picha ikatokea robo ya juu tu, chini kote kijivu. Picha ya pili programu ikaanguka.

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa hiyo nitakaa kidogo. TCP haijui picha. TCP ni bomba. Wewe unamwaga ndoo tatu za maji upande huu. Wa upande ule anaona maji tu, hajui ndoo ya kwanza iliishia wapi. Ukimwambia recv (amri ya kupokea) akupe baiti 65536, atakupa zilizokwisha kufika, hata kama ni 1460. Ndani ya mashine moja baiti zilikuwa zinafika kwa mkupuo, kosa likajificha. Kwenye waya likajitokeza.

Dawa ni kwamba kabla ya kila picha unatuma namba ya urefu wake kwa baiti 4. Mpokeaji anasoma hizo 4 kwanza, anajua zinakuja ngapi, kisha anasubiri mpaka zitimie:

```
def pokea_zote(soketi, idadi):
    data = b""
    while len(data) < idadi:
        kipande = soketi.recv(idadi - len(data))
        if not kipande:
            raise ConnectionError
        data += kipande
    return data
```

Ule mstari wa "if not kipande" usiuache. Upande wa pili ukifunga muunganisho, recv inarudisha baiti sifuri, na bila ule mstari programu inazunguka hapo hapo milele huku feni ya kompyuta inalia. Upande wa kutuma tumieni sendall, si send. Ile send nayo inaweza kutuma nusu ikakuachia nusu.

Nitaendelea, umeme wa mtaa wetu leo unacheza.

#2 FundiNgamiani

Mwalimu nimekaa mkao wa kula. Hilo la recv lilinila siku nne mwaka juzi nikitengeneza programu ya kutuma risiti dukani. Endelea.

#3 Kijana_wa_Duga

Mwalimu, samahani, hiyo inakula bando kiasi gani kwa saa? Kompyuta 14 si mchezo.

#4 Mwl_Chumbageni

Kijana wa Duga, bando sifuri. Hata senti. Kompyuta zote zimechomekwa kwenye swichi moja (kifaa cha kuunganisha kompyuta) kwa kebo, zina anwani za ndani zinazoanza na 192.168, na data inazunguka humo humo chumbani. Intaneti ikikatika darasa linaendelea. Ndiyo maana nilitaka kitu cha ndani: kukutana kupitia seva iliyoko ng'ambo ili kumfikia mtu aliyekaa hatua tatu kutoka kwangu ni kutupa pesa.

Sasa hesabu, maana hii ndiyo iliyonifundisha kazi. Skrini ya 1366 kwa 768 ina pikseli 1,049,088. Kila pikseli ina baiti tatu za rangi: nyekundu, kijani, bluu. Picha moja isiyobanwa ni baiti 3,147,264, yaani zaidi ya megabaiti tatu. Swichi yangu ni ya megabiti 100 kwa sekunde, ambazo ukigawa kwa nane ni megabaiti 12.5. Kwa mwanafunzi mmoja utapeleka picha kama nne kwa sekunde. Kwa wanafunzi 14, picha moja tu itachukua sekunde tatu na nusu kuwafikia wote, na hapo waya wote umeushika wewe.

Nikibana kwa JPEG ya ubora 60, skrini yangu ya kawaida yenye Excel inashuka hadi kama kilobaiti 120. Ikawezekana, picha sita hadi saba kwa sekunde kwa darasa zima. Nikafurahi. Baada ya dakika kumi za somo, binti mmoja wa nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, huku kwetu bado unaandika jina la safu ya kwanza." Mimi nilikuwa nimeshafika kwenye jumla. Alikuwa nyuma yangu kwa zaidi ya dakika moja.

#5 BintiMakorora

Bafa (pale data inaposubiri zamu) imejaa?

#6 Mwl_Chumbageni

Zaidi ya bafa, dada. Nilikuwa nimemwekea kila mwanafunzi foleni yake. Mimi napiga picha tano kwa sekunde, naziweka kwenye foleni. Yeye anazichukua kwa kasi yake. Mashine yake ilikuwa inamudu tatu tu. Kila sekunde zinabaki mbili. Fanya dakika kumi: picha 1,200 zimepanga mstari zinamsubiri, na zote ni za zamani. RAM ya laptopu yangu nayo ilikuwa inavimba.

Picha ya skrini si barua kwamba kila moja lazima ifike. Anayetazama anataka ya sasa. Ya sekunde mbili zilizopita haina kazi tena.

Nikageuza mpango mzima. Siku hizi mimi sisukumi. Mwanafunzi ndiye anayeomba. Programu yake ikimaliza kuchora inanitumia baiti moja tu yenye maana ya "nipe". Nikiipata, nampa kilichopo wakati huo. Mashine nzuri inaomba mara nane kwa sekunde, mbovu mara mbili, na zote mbili zinaona ya sasa. Foleni nimezifuta kabisa.

Baadaye nikasoma jinsi VNC, programu ya kutazama skrini ya kompyuta nyingine, inavyofanya kazi ndani, nikakuta ni hivyo hivyo. Itifaki yake, yaani kanuni za mazungumzo, inaitwa RFB, imeandikwa kwenye waraka wa intaneti uitwao RFC 6143 wa mwaka 2011, na kanuni yake ni kwamba anayetazama ndiye anayeomba mabadiliko. Waliitunga kwenye maabara ya Olivetti kule Cambridge, Uingereza, wakachapisha makala yao mwaka 1998. Mmoja wao, Quentin Stafford-Fraser, miaka michache kabla ya hapo alikuwa ameshirikiana na Paul Jardetzky kwenye jambo lililonigusa: mwaka 1991 wenzao ofisini walikuwa wanapanda ngazi kufuata kahawa wanakuta birika tupu, basi wakaweka kamera ikitazama birika, na programu ndogo ikawaonyesha picha yake kwenye kompyuta zao, pikseli 128 kwa 128, bila rangi. Sisi watu wa vijiwe vya kahawa tunalielewa hilo jambo bila kuelezwa.

#7 Mkonge85

Mwalimu nakuheshimu sana, lakini kama VNC ipo, ni ya bure na imeiva, kwa nini usiiweke tu ukafundisha? Muda wote huo.

#8 Mwl_Chumbageni

Swali la haki, Mkonge. Na jibu langu kwa mwenye shida ya leo leo ni hilo hilo lako: pakua TightVNC, iweke, washa hali ya kutazama tu, fundisha. Nilianza nayo.

Nilikuwa na sababu mbili. Ya kwanza, nilitaka kitufe kimoja. Mwanafunzi akiwasha kompyuta anabonyeza mara moja anaona skrini yangu, hana anwani ya kuandika wala menyu ya kuchagua. Ya pili ndiyo kubwa: nina vijana wanne wanaojifunza Python, na hadi hapo walikuwa wanaandika programu za kujumlisha namba. Walipoona picha ya skrini ya mwalimu inatokea kwenye kioo chao kupitia mistari waliyoiandika wenyewe, somo la soketi halikuhitaji tena kusisitizwa. Mmoja alibaki darasani hadi adhana ya isha.

#9 BintiMakorora

Naomba kurudi kwenye kiufundi. Bado unatuma skrini nzima hata kama umebadilisha seli moja ya Excel. Umefikiria kutuma palipobadilika tu?

#10 Mwl_Chumbageni

Ndiyo, na hapa ndipo utamu ulipo.

Naigawa skrini kuwa vigae vya pikseli 64 kwa 64. Upana unatoa safu 22, ya mwisho ina pikseli 22 tu. Urefu unatoa 12 kamili. Jumla vigae 264. Nikipiga picha, kila kigae nakipigia hesabu ya crc32, inayotoa namba moja kutokana na pikseli zake zote; ipo ndani ya zlib, maktaba ya Python ya kubana data, na ni ya haraka. Namba ikiwa sawa na ya mara iliyopita, kigae hakijabadilika, nakiacha. Nikiandika herufi moja kwenye seli, vinabadilika vigae viwili au vitatu kati ya 264. Kigae chenye maandishi meusi juu ya weupe kikibanwa kwa zlib mara nyingi hakifiki kilobaiti moja.

Kwa hiyo kwenye somo la Excel, muda mwingi waya wangu unapitisha karibu na hakuna. Kutoka kilobaiti 120 kwa kila picha hadi mbili au tatu.

#11 BintiMakorora

Sawa, lakini hapo umejitegea. Umesema mashine mbovu inaruka picha. Kigae kikibadilika kwenye picha iliyorukwa, halafu kikatulia, yule aliyeruka atakipata wapi? Atabaki na kigae cha zamani kwenye kioo chake mpaka mwisho wa somo.

#12 Mwl_Chumbageni

Dada, umegusa penyewe. Ilinitokea. Mwanafunzi alikuwa na kipande cha dirisha nililokwisha kulifunga, kimeganda katikati ya skrini yake, anakitazama anadhani ni sehemu ya somo.

Nilianza kwa kumwekea kila mwanafunzi orodha yake ya vigae anavyodaiwa. Inafanya kazi, ila ni orodha 14 za kutunza na mimi nilikuwa nasahau kufuta hapa na pale. Kijana wangu mmoja ndiye aliyekuja na njia nyepesi, na hadi leo naona raha kuieleza.

Kuna namba moja tu inayoongezeka kila nikipiga picha: 1, 2, 3, na kuendelea. Kila kigae kimeandikiwa namba ya picha ambayo kilibadilika mara ya mwisho. Kila mwanafunzi ameandikiwa namba ya picha aliyopewa mara ya mwisho. Akiomba, nampa vigae vyote vyenye namba kubwa kuliko yake, kwa sura vilivyo nayo sasa hivi, halafu naisogeza namba yake. Basi.

Tuseme mashine mbovu ilipewa picha ya 500 na inaomba tena wakati mimi nipo 509. Kigae kilichobadilika kwenye 503 kikatulia kina namba 503, ni kubwa kuliko 500, atakipata. Kilichobadilika mara sita kati ya 501 na 509 atakipata mara moja tu, cha mwisho. Na anayeingia upya anaanza na sifuri, kwa hiyo anapewa vyote 264 bila mimi kuandika mstari wowote wa ziada kwa ajili yake. Umeme ukikatika ukarudi, kila mmoja anaunganishwa upya kama mgeni na picha inajijaza yenyewe.

Jambo la kuongeza: usibane kigae mara 14. Kibane mara moja, yahifadhi yale matokeo mpaka kigae kibadilike tena, wape wote baiti zile zile. Laptopu yangu ilikuwa inachemka kabla sijaliona hilo.

#13 BintiMakorora

Nimenyoosha mikono. Mpe hongera zake huyo kijana, na mwambie kuna dada yake Makorora anaiga leo hii.

#14 MzeeWaPangani

Mwalimu, mimi ni mtu wa simu za waya, nimestaafu, najifunza haya mambo kwa kusoma. Nina swali. Unatuma maneno yale yale mara 14 kwa watu 14. Redio inatuma mara moja na mji mzima unasikia. Huko kwenye mtandao wenu hakuna namna hiyo?

#15 Mwl_Chumbageni

Shikamoo mzee wangu. Swali lako ni zito.

Ipo. Kuna UDP, ambayo haina bomba, ina vifurushi tu, na kuna anwani maalumu zinazoanzia 224 hadi 239 ambazo ukizitumia kifurushi kimoja kinawafikia wote waliojiunga na kundi lile. Redio hasa. Tatizo lake ni la redio vilevile: aliyekosa neno amelikosa. UDP haina anayethibitisha kupokea. Kifurushi nacho kwenye waya wa kawaida kina baiti 1500 pamoja na vichwa vyake, zinakubakia 1472 za kwako, kwa hiyo kigae chenye picha inabidi ukikate vipande na vipande vingine vitapotea. Itabidi urudie kila kigae kila baada ya sekunde kadhaa ili aliyekosa apate.

Kwa waifai ni vigumu zaidi, kwa sababu vifurushi vya kundi kwa kawaida ruta huvituma kwa kasi ya chini ili hata aliye mbali asikie, na haivirudii vikipotea. Kwa wanafunzi 14 kwenye waya nimeona TCP inatosha. Wangekuwa mia kwenye ukumbi ningefuata njia yako, mzee.

#16 MzeeWaPangani

Marahaba mwanangu. Nimekuelewa vizuri sana.

#17 FundiNgamiani

Mwalimu, maandishi yako hayafifii? Mimi nikitumia JPEG herufi nyekundu zinakuwa kama zimelowa maji.

#18 Mwl_Chumbageni

Zilififia sana, na mama mmoja mwenye miwani akalalamika kuumwa macho. JPEG ilitungwa kwa ajili ya picha za kamera. Kwa mazoea inahifadhi mwanga kwa ukamilifu lakini rangi inazipunguza nusu kwa upana na nusu kwa urefu, kwa sababu jicho halioni tofauti kwenye uso wa mtu au majani. Kwenye herufi nyekundu nyembamba juu ya weupe, jicho linaona mara moja. Kwenye Pillow ukiandika subsampling=0 wakati wa kuhifadhi, rangi zinabaki kamili, ukubwa unaongezeka kidogo.

Siku hizi nachagua kwa kigae. Chenye rangi chache, yaani maandishi na mistari, nabana kwa zlib, hakipotezi kitu. Chenye rangi nyingi, yaani picha, kinakwenda JPEG. Herufi sasa ni kali kama kwenye skrini yangu.

Mengine madogo yaliyonisumbua, nayaweka hapa mtu asipoteze siku:

Mshale wa mausi hauonekani kwenye picha. Mama yule yule aliniuliza mbona menyu zinafunguka zenyewe kama zina jini. Nikawa natuma mahali mshale ulipo peke yake, baiti 4, na upande wao nachora duara la njano. Duara kubwa. Hili ndilo walilolipenda kuliko yote niliyoyahangaikia.

Seva, yaani programu iliyo kwangu, ifungue kwa 0.0.0.0 (anwani zote za mashine), ukiacha 127.0.0.1 wengine hawakufikii. Windows itauliza mara ya kwanza kama unairuhusu programu kwenye mtandao. Ukibonyeza kukataa kwa haraka haitauliza tena, itaziba kimya kimya, na itabidi uingie kwenye fayawoli (ukuta wa ulinzi wa Windows) uitoe mwenyewe.

#19 Kijana_wa_Duga

Mimi natumia Ubuntu 22.04, nimejaribu mss napata picha nyeusi tupu. Nimekosea wapi mwalimu?

#20 BintiMakorora

Nimjibie mwalimu. Hujakosea. Ubuntu hiyo inaanza na Wayland, mfumo wa kuchora madirisha kwenye skrini, na Wayland hairuhusu programu kuchungulia madirisha ya programu nyingine bila mwenye mashine kukubali. Toka, kwenye kuingia bonyeza alama ya gia pale chini, chagua Xorg (mfumo wa zamani), ingia tena. Itafanya kazi.

#21 Kijana_wa_Duga

Imekubali dada. Mungu akubariki.

#22 Kaskazi_T

Wakuu mimi nina ofisi yenye vijana watano. Nataka kinyume chake: mimi nione skrini zao, bila dirisha wala alama yoyote upande wao. Mwalimu hiyo unaweza kunigeuzia? Nitalipa.

#23 Mwl_Chumbageni

Ndugu yangu, hiyo siifanyi, na nakuomba na wewe usiifanye.

Mtu akikaa kwenye kompyuta anafungua barua pepe yake, anaongea na mkewe, anaingia kwenye akaunti ya benki. Ukimtazama bila yeye kujua umechukua vyote hivyo. Tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kabla hujagusa jambo la namna hiyo kaa na mwanasheria akusomee. Hata pasingekuwa na sheria, mimi nisingewafanyia vijana wangu.

Toleo langu la pili linamruhusu mwanafunzi kunionyesha skrini yake akikwama. Anabonyeza yeye. Ikianza, utepe mwekundu unatokea juu ya kioo chake na hauondoki mpaka aache, na kitufe cha kuacha ni kikubwa kuliko cha kuanza. Nilianza kuandika kwamba mimi niweze kuifungua bila yeye kubonyeza, nikaufuta mstari ule. Waite vijana wako watano, waambie unataka kuona kazi, kubalianeni saa gani na skrini ipi, weka utepe. Kwa namna hiyo nitakusaidia bure.

#24 Kaskazi_T

Nimekusikia mwalimu. Sikuwa nimelifikiria la benki. Nitakutafuta kwa hiyo ya utepe.

#25 Muheza_Machungwa

Mie naomba kuuliza. Nipo Muheza, mdogo wangu yupo Dar, nataka kumsaidia kwenye laptopu yake kupitia programu hii. Nimempa anwani yangu ya 192.168 haingii.

#26 BintiMakorora

Haitaingia. 192.168 ni anwani ya ndani ya nyumba yako, na nyumba ya jirani inayo vilevile. Ni kama kumwambia mtu wa Dar "njoo chumba cha pili kushoto". Tena kama unatumia modemu ya simu, kampuni za simu mara nyingi huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya intaneti. Ukitazama kwenye modemu ukaona anwani ya nje inaanza na 10, au iko kati ya 100.64 na 100.127, hakuna mlango wa kumfungulia mtu kutoka nje.

Njia ni nyote wawili kutoka nje mkakutane kwenye seva ya katikati, au kuweka WireGuard (programu ya kuunganisha kompyuta zilizo mbali kwa njia ya siri) kati yenu kupitia seva hiyo, halafu programu itaona kama mpo chumba kimoja. Usifungue poti (mlango) ya skrini moja kwa moja kwenye intaneti hata kama ruta inakuruhusu. Programu ya mwalimu haijafunga data kwa siri, kila kitu kinapita wazi. Hata VNC ya kizamani nenosiri lake linaishia herufi nane, na picha zenyewe hazifungwi.

Na kwenu bando litahusika. Kilobaiti 40 kwa sekunde kwa saa nzima ni megabaiti 144. Mkifungua video humo, zidisha mara nyingi.

#27 Mwl_Chumbageni

Dada wa Makorora amemaliza, sina la kuongeza. Muheza, kwa kumsaidia mdogo wako tumia programu iliyokwisha kukomaa yenye usimbaji, yaani inayofunga data kwa siri. Yangu ni ya chumba kimoja.

#28 FundiNgamiani

Mwalimu nimeiweka kwa mteja wangu Barabara ya 12, kompyuta nane. Saba safi. Ya nane inakwamakwama, inaganda sekunde tatu inaruka, inaganda tena. Mashine ni ile ile, Windows ile ile. Nimebadilisha RAM, wapi.

#29 Mwl_Chumbageni

Fundi, kabla ya RAM piga ping (vifurushi vidogo vya kupima njia) kutoka mashine hiyo kwenda ya mwalimu, iache dakika mbili, hesabu zinazopotea. TCP haikuambii kwamba kebo ni mbovu. Inarudia kimya kimya vifurushi vilivyopotea, na wewe unachokiona ni kuganda tu.

Kisha chomoa kebo utazame pini za kichwa chake kwenye mwanga wa simu. Hapa kwetu hewa ya bahari haina huruma. Yangu moja iliyokuwa karibu na dirisha la upande wa Raskazone nilikuta pini mbili zimeota ukijani. Nilikata kichwa, nikabana kipya.

#30 FundiNgamiani

Ping 120, zimepotea 31. Pini ya tatu na ya sita kijani kabisa, dirisha liko nyuma yake na halina kioo. Nimekata inchi moja, nimebana kichwa kipya, nimesogeza meza ukuta wa pili. Ping 120, zimepotea sifuri. Mteja amefungua YouTube kwenye ya mwalimu, zote nane zinajikongoja kwa sababu kila kigae kinabadilika, lakini zinajikongoja pamoja. Nimemwambia Excel ndiyo kazi yake, video atafutiwe kitu cha H.264, kinachobana video.

Mwalimu, kesho nakuletea kichwa kimoja cha ziada na koleo langu, nipitie kebo zako zote za upande wa dirisha.

#31 Mwl_Chumbageni

Njoo saa kumi, kabla vijana hawajaingia. Chai itakuwepo.